Namna ya Kuudanganya Mwezi kwa Pensheni ya Franka

Mzee wangu, mama yangu, funga mlango kwanza. Haya si ya kusikiwa na motari aliyeegesha nje, wala na jirani anayepita akijifanya anatafuta kuku wake.

Wewe ni mstaafu wa Butembo, au wa Beni, au wa Mbau pale kwenye njia ya Oicha. Ulifundisha, uliuguza wagonjwa, ulipiga chapa barua za serikali, ulipima kahawa ya watu. Leo unapokea pensheni kwa franka, na kiasi chake hakikui. Vingine vyote vinakua. Nyumba inapangwa kwa dola, chuo cha mjukuu kinalipwa kwa dola, na mafuta ya kula yaliyovuka mpaka pale Kasindi yalinunuliwa kwa dola. Mwenye duka anauliza bei ya dola asubuhi kabla hajafungua kufuli. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa bado chini ya franka 1000. Mwaka 2024 ilipita 2700. Pensheni yako haikupewa habari.

Nitakufundisha kudanganya. Wa kudanganywa ni wawili tu: mwezi, ili uishe kabla hujaishiwa, na jirani, ili asijue ulivyoishiwa. Mwenye duka, mfamasia na mwenzi wako usiwadanganye hata siku moja, maana hao ndio watakaokubeba. Tuanze.

1. Usistaafu

Njia ya mkato iliyo fupi kuliko zote ni kutoondoka kazini. Sheria ya Julai 2016 ya watumishi wa serikali inataja miaka 65. Hata hivyo wapo wazee waliopita umri huo zamani na bado wanashika chaki, na wanajua wanachofanya: anayesubiri kazini anapokea mshahara, anayesubiri nyumbani anasubiri tu. Ile fedha ambayo serikali inapaswa kumpa mtumishi siku ya kuaga imechelewa kwa wengi kiasi kwamba wengine walizikwa haijafika.

Kwa hiyo kaa. Usiwe wa kwanza kuulizia barua ya kustaafu. Barua ikikutaka, itakutafuta. Omba darasa la sita, uwaachie vijana la kwanza, maana watoto wa la kwanza wanahitaji mwalimu mwenye magoti mazima. Mkutanoni zungumza kidogo na kwa sauti ya chini. Anza na "sisi tuliokuwepo wakati wa Monsinyori Kataliko", aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, na hakuna mkurugenzi atakayethubutu kukukatiza. Umri unaoonekana kama kumbukumbu ya shule haufukuzwi.

Najua gharama ya hila hii. Nyuma yako yuko kijana mwenye diploma anayefundisha bila kulipwa na serikali, akingoja jina lake liingie kwenye orodha. Kiti chako kingekuwa chake. Hilo linauma, na sina dawa yake. Mfundishe kazi yote unayoijua, mtetee mbele ya wazazi, mgawie chochote wazazi wanachochanga. Lakini usitoke mikono mitupu ili wakubwa wapate kusema wamemaliza shida ya vijana. Deni ni lao, nyinyi wawili mnadai.

2. Fukua karatasi

Kama umeshatoka, kazi yako mpya ni kuthibitisha kwamba ulifanya ile ya zamani.

Aliyefanya kazi kwa tajiri au kwa kampuni anakwenda CNSS, ambayo hadi juzi tuliiita INSS na ambayo chanzo chake ni 1961. Kwa sheria mpya ya 2016, pensheni ya uzee inaanza kwa miaka 60, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Mtumishi wa serikali ana mfuko wake, CNSSAP, ulioundwa 2015. Mshahara wa mfanyakazi wa kampuni hukatwa asilimia 5, na mwajiri anatakiwa kuongeza sehemu yake na kupeleka zote. Wako waliokata na hawakupeleka. Usimwulize mwajiri kama alipeleka, atakujibu vizuri mno. Nenda kwenye mfuko wenyewe na karatasi zako za mshahara, moja baada ya nyingine, na uketi mpaka jina lako lionekane.

Sehemu hizi zina shimo lao maalumu. Kuanzia 1998 hadi 2003, Beni na Butembo zilikuwa chini ya waasi wa RCD, na baadaye chini ya tawi la RCD/K-ML lililokuwa na makao yake Beni. Mishahara ya Kinshasa haikufika, na shule zilisimama kwa fedha za wazazi. Ulifanya kazi miaka hiyo yote. Kwenye faili inaweza kuonekana kama ulilala. Tafuta barua ya kupangiwa kazi, rejista ya darasa yenye sahihi yako, picha ya wahitimu wa 2001 ukiwa umesimama nyuma kulia. Mfalme wa ofisi yoyote ni mtu mwenye karatasi ambayo karani hana.

Kisha fanya nakala tatu. Moja ibaki nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, karibu na mlango, kwa sababu hapa kwetu watu wanakimbia usiku. Ya pili apewe mtoto aliye mji mwingine. Ya tatu ilale parokiani au kwa mchungaji. Ukishafanya hivyo, zungumza na karani kama mwanafunzi wako wa zamani. Mara nyingi ndivyo alivyo.

3. Franka isilale kwako

Wazee wa hapa hawahitaji profesa wa uchumi. Fedha ya zaire ilipozaliwa mwaka 1967, zaire moja ilikuwa sawa na dola 2. Siku ya Noeli ya 1979 Mobutu akaamuru noti za zaire 5 na za 10 zisitumike tena. Siku za kubadilisha zilikuwa chache, kiasi kilichokubaliwa kilikuwa na mpaka, na aliyeishi mbali na benki alibaki na makaratasi. Mwaka 1993 zaire 3000000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Juni 1998 zaire mpya 100000 zikawa franka 1. Piga hesabu kama ulivyowafundisha watoto: franka moja ya leo imemeza zaire za zamani bilioni 300.

Ndani ya tarakimu hiyo kuna baiskeli ambayo hukuinunua ukisema utanunua mwakani, na kiwanja cha Mususa ambacho ulikiacha kwa sababu akiba ilikuwa bado ndogo. Uliaminishwa kwamba mwenye busara huweka akiba. Wenye busara ndio walioumia zaidi. Waliokula fedha zao walau walikula.

Basi siku pensheni inapoingia, isilale ikiwa franka. Kwanza lipa deni la duka. Kisha nunua bidoni ya mawese, chumvi, mche wa sabuni, na maharagi wakati yanaposhuka kwa wingi kutoka Lubero. Maharagi hayana habari na bei ya dola. Adui yake ni mdudu, na mdudu ana dawa yake, majivu.

Kikibaki kitu, geuza dola, ila kwa tahadhari. Noti iwe nzima. Iliyochanika pembeni hata kwa ukucha mmoja, hapa haipokewi. Na usijifunge kwenye dola kana kwamba ni dini. Mwaka 2025 franka ilipopanda ghafla, waliojaza dola chini ya godoro walishtuka kuona zinanunua kidogo, huku bei ya sukari ikisuasua kushuka. Dola nayo ni karatasi. Nunua bati, hata moja kila miezi miwili. Bati likiegemezwa ukutani halifutwi na tangazo la redio.

4. Vaa

Hapa ndipo wastaafu wengi wanapokosea. Fedha ikipungua, wanaanza kuokoa kwenye nguo. Mtu anatoka na kandambili, shati lisilopigwa pasi, mvi zisizochanwa. Kabla ya juma kuisha mtaa mzima umejua, na kuanzia hapo kila kitu kinampanda bei.

Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Watu wanaleta makontena kutoka Dubai na Guangzhou kwa ahadi ya mdomo, kwa sababu wanajulikana. Jina ndiyo dhamana. Jina lako likiwa zima, mwenye duka atakuandikia kilo 5 za unga bila kukutazama usoni. Likipasuka, atakuonyesha kibao cha "hakuna deni" ambacho jana kilikuwa kimegeuzwa ukutani.

Suti moja inatosha. Chagua rangi ya kijivu, haikumbukwi. Shati mbili nyeupe kutoka mitumba, zipigwe pasi ya makala usiku wakati moto wa chakula bado upo. Viatu vya ngozi, kiwi ya kutosha. Mama, kitenge kimoja cha maana, kikunjwe vizuri na kisivaliwe sokoni. Kama bado unayo ile abakosti ya wakati wa Mobutu, itoe mara moja kwa mwaka, vijana wapige nayo picha.

Beba bahasha ya kahawia popote uendapo. Mtu mwenye bahasha ana shughuli, na mtu mwenye shughuli haulizwi kwa nini anatembea kwa miguu kutoka Furu hadi katikati ya mji. Mtu akikuuliza, jibu lipo: "Daktari ameniambia nitembee."

5. Ugonjwa wa heshima

Umeiona nguvu ya daktari? Itumie vizuri. Hakuna mtu atakayekucheka ukisema umekatazwa. Watacheka ukisema umekosa.

Sukari imepanda, basi daktari amekukataza sukari. Weka majani ya mchaichai kwenye maji ya moto, mimina kwenye vikombe vizuri, mwambie mgeni kwamba tangu uanze chai hii unalala vizuri. Nyama imepanda, daktari amesema nyama nyekundu si nzuri kwa umri huu. Bia imepanda, daktari amepunguza. Samaki wa Kyavinyonge bado ameruhusiwa, hasa kichwa, ambacho kina mafuta mazuri kwa macho. Sombe imesifiwa. Viazi vimesifiwa sana.

Sharti la hila hii ni msimamo. Aliyekatazwa nyama Jumatano asionekane na mshikaki mbele ya watu Jumamosi. Chagua ugonjwa mmoja, uandike moyoni, uwaeleze watu wa nyumbani ili mtoto asije akauliza mbele ya mgeni, "Ulikatazwa lini?"

Lakini nisikie hapa, nakusihi. Ukiwa na tansyo ya kweli au kisukari cha kweli, usifanye hila yoyote na vidonge. Wazee wanakata kidonge vipande viwili ili kifike mwisho wa mwezi, kisha wanaanguka barabarani. Kata nyama, kata sukari, uza bati moja. Kidonge kimeze kizima. Na ukikosa fedha yake, hapo vua heshima yote, umwendee mwanao, padri au mchungaji, hata yule jirani wa kuku, useme neno moja: nisaidie.

6. Sokoni

Nenda jioni, wakati muuzaji anatazama wingu na mzigo wake kwa zamu. Nunua beseni zima pamoja na majirani wawili mnaoaminiana, mgawane uani, siyo barabarani. Usiulize bei ya kitu usichoweza kununua. Mkono unaorudisha kitu unaonekana kuliko unaochukua.

Usigombane na mama muuzaji kuhusu bei. Hakuipanga yeye. Tangu waasi wa M23 walipochukua Kanyabayonga Juni 2024 na Goma mwisho wa Januari 2025, barabara ya kusini imekatwa na vita, na mzigo mkubwa wa mji unategemea upande wa Kasindi, pamoja na ushuru wake, vizuizi vyake na matope yake. Yeye naye amekopa. Msalimie kwa jina la mtoto wake, atakuongezea kiganja cha maharagi. Kiganja hicho, ukikihesabu kwa mwezi, ni chakula cha siku nzima.

7. Shamba

Hapa sina hila.

Mstaafu wa kwetu hakuwahi kutegemea pensheni peke yake. Aliweka shamba. Mwalimu wa Mbau alipanda kakao nyuma ya Oicha, mwuguzi wa Beni alikuwa na mawese na ndizi, karani wa Butembo alikuwa na kahawa kwa baba yake. Hiyo ndiyo pensheni waliyojilipa wenyewe kwa jembe, kila Jumamosi, miaka 30. Mpango ulikuwa mzuri. Serikali ingechelewa, mti usingechelewa.

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF katika eneo la Beni yamewachukua maelfu ya watu, na wengi wao walikuwa shambani au njiani kwenda shambani. Hali ya dharura iliyowekwa Mei 2021 haikuyamaliza. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10000 kwa tani, bei ambayo mkulima wa Mbau hakuwahi kuiota, na mwenye miti alikaa mjini akiihesabu kwa mdomo. Wapo waliorudi kuvuna kwa sababu ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Wengine hawakurejea.

Ukiwa na shamba huko, usiende kwa sababu ya aibu ya kuomba. Mzee aliye hai na deni ana thamani kwa wajukuu wake kuliko magunia yoyote. Panda ulipo: sombe kando ya choo, lengalenga kwenye magunia yaliyojazwa udongo, sungura nyuma ya jikoni. Kama una chumba cha ziada, mpangishe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Graben. Analipa kwa dola, anakuandikia barua, na anarudi mapema kwa sababu anakuogopa. Na kama anayebisha hodi ni familia iliyokimbia kutoka kijijini, usiwatoze bei ya mwanafunzi. Wewe ungeweza kuwa wao kwa umbali wa kilomita 20.

8. Michango

Karte ya harusi inaletwa na mtoto mwenye adabu, jina lako limeandikwa vizuri, na ndani yake kuna kiasi. Katika mwezi mmoja wa kiangazi zinaweza kuja nne. Ongeza matanga mawili, mavuno ya kanisa, na upadrisho wa mtoto wa mtaa. Hapo ndipo pensheni inapofia, mbali na jiko.

Usikatae. Kukataa ni ghali. Lipa kwa kitu ambacho vijana hawana: uwepo.

Kwenye matanga, fika wa kwanza, kabla ya viti. Shika mkono wa mjane, keti naye kimya, waagize vijana walete maji. Atakayekuja saa nane na bahasha nene ataonwa na mtunza daftari. Wewe umeonwa na familia. Kwenye mazungumzo ya mahari, jifunze kuzungumza. Ukoo unaodai mbuzi unahitaji mzee anayejua kudai bila kutukana, na ukoo unaotoa unahitaji mzee anayejua kupunguza bila kudharau. Kazi hiyo haina mshahara, lakini haijawahi kumrudisha mtu nyumbani na njaa. Mwalimu mstaafu anaifanya vizuri kuliko wote, kwa sababu amezoea kuwanyamazisha watu wanaojiona wamekua.

Bahasha ikiwa haikwepeki, toeni kwa pamoja. Andika juu yake "Wastaafu wa mtaa", kusanya kidogo kidogo kwa wenzako kumi, mtume mwenye sauti nzuri aitoe. Mwenye sherehe atasoma jina la kundi na atapiga makofi, na hakuna atakayegawanya kiasi kwa idadi ya vichwa. Kanisani toa kwa mkono uliofungwa. Mungu anajua, na mhesabu sadaka hahitaji kujua.

9. Zamu ya kwanza

Ingia kwenye likelemba, kundi la kuchanga na kupokea kwa zamu. Wakianza kupanga zamu, omba ya kwanza. Toa sababu yoyote ya kweli: paa linavuja, ada imefika. Franka ya Januari na franka ya Desemba zina sura moja na nguvu tofauti. Wa kwanza ananunua magunia mawili, wa mwisho analeta kikapu. Baada ya kupokea, lipa kila zamu bila kukosa, hata kwa kukopa, kwa sababu mwakani utaomba ya kwanza tena.

Usijione mwerevu peke yako. Mkiwa na mjane kwenye kundi, mpishe atangulie.

10. Watoto

Usimwombe mtoto "fedha kidogo". Fedha kidogo haina mwisho, na mtoto aliye Kampala au Kinshasa anaiogopa. Mwombe kitu chenye jina: mabati mawili, dawa ya mama yake ya mwezi huu, ada ya muhula mmoja. Mtumie picha ya risiti. Atakayeona risiti atatuma tena.

Waombe wote, wasichana kwa wavulana. Wazee wengi wanamchosha mmoja anayejibu na kuwaacha wanne wanaonyamaza. Anayenyamaza mpe wajibu mdogo usiokwepeka, kama umeme au vocha ya simu, halafu msifu mbele ya ndugu zake. Sifa imetoa fedha kwa watu ambao machozi hayakuwagusa.

Na ikiwa ni wewe unayelea wajukuu kwa sababu wazazi wao waliuawa, au waliondoka na Ebola ya 2018 hadi 2020, usiifiche hali hiyo kwa ajili ya jirani. Andikisha watoto hao kila mahali wanapoandikishwa yatima. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa bure mwaka 2019. Daftari, sare na sekondari havikutangazwa.

Kwa majirani, useme hivi: "Watoto wananikumbuka." Kiasi usikitaje kamwe, kiwe kikubwa au hakuna.

11. Oa

Mzee, nakusikia ukishangaa. Nina maana umwoe yuleyule.

Mlitoa mbuzi, mlibarikiwa kanisani, mna wajukuu. Lakini je, mlifika komini mkaandikishwa? Wengi hawakufika. Mjane ana haki ya pensheni ya mumewe aliyefariki, na mume kadhalika kwa mkewe, lakini karani hatauliza mbuzi walikuwa wangapi. Atauliza cheti cha ndoa. Nimewaona kina mama walioishi na mume zaidi ya nusu ya maisha yao wakitumwa nyumbani kama wapita njia, na waliokuwa wamevaa nguo nyeusi ndio hao hao walioambiwa warudi na mashahidi waliokwisha kufa.

Kwa hiyo nenda sasa, mashahidi wangali wanatembea. Uliza kwenye ofisi ya uandikishaji ya komini yako karatasi zinazotakiwa kwa ndoa iliyofungwa kimila. Vaa ile suti ya kijivu, mama avae kitenge chake cha maana. Majirani watafikiri mnasherehekea kitu kikubwa. Waacheni wafikiri hivyo, na msichapishe karte. Mpigapicha aliye mbele ya komini atataka kuwapiga kumi. Lipa moja.

Mkirudi nyumbani, keti naye umwonyeshe mfuko wa plastiki: namba yako ya CNSS au ya CNSSAP imeandikwa wapi, karatasi za mshahara zimepangwa kwa miaka kuanzia ipi, nakala ya pili iko kwa mtoto yupi, namba ya siri ya simu ni ipi. Mwache aufungue mfuko mwenyewe, asome yote kwa sauti, kisha naye akuonyeshe ya kwake.